Namba Ndani ya Mbao: Kuzitambua na Kuzifufua Boti za Chris-Craft

Boti za mbao za Chris-Craft zilizaliwa Algonac, mji mdogo wa jimbo la Michigan, Marekani, ukingoni mwa Mto St. Clair. Christopher Columbus Smith, aliyezaliwa mwaka 1861, alianza na nduguye Henry kuunda vyombo vidogo vya wawindaji wa bata, kisha akageukia boti za mashindano. Boti yake Miss America, iliyoendeshwa na Gar Wood, ilitwaa Kombe la Harmsworth nchini Uingereza mwaka 1920. Miaka miwili baadaye Smith na wanawe walianzisha kampuni ya kuunda boti za starehe kwa wingi. Baadhi ya boti za mwanzo zilitiwa injini za ndege aina ya Curtiss OX-5, masalia ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizorekebishwa zifanye kazi majini. Familia iliiuza kampuni mwaka 1960, na miaka ya 1970 ilipoanza uundaji wa boti za mbao ulifikia kikomo.

Wingi wa boti hizo ndio unaomsumbua anayetaka kuitambua boti moja. Chache hujitambulisha zenyewe: Cobra ya mwaka 1955, kwa mfano, ina pezi la rangi ya dhahabu lililosimama nyuma ya viti. Nyingine hufanana, na wamiliki waliopokezana wamebadilisha injini, taa, viti na rangi. Umbo la omo, urefu na mpangilio wa viti hupunguza uwezekano, lakini havitoshi kuthibitisha. Kinachoaminika ni namba ya chombo, iliyogongwa kwenye mbao zenyewe kiwandani. Hutafutwa kwenye mbao za ndani upande wa tezi na chini ya vifuniko vya injini, kwa taa inayomulika kwa ubavu, kwa kuwa chini ya tabaka za rangi hubaki mikwaruzo tu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, namba nyingi zilitanguliwa na herufi ya aina ya boti na urefu wake kwa futi: U-22 ni Sportsman ya futi 22. Namba ya injini ni nyingine kabisa, na kuzichanganya hizo mbili kumewapotosha wengi.

Namba ikipatikana, njia huelekea Newport News, Virginia, ambako Mariners' Museum inatunza kumbukumbu za kampuni. Kila boti ilikuwa na kadi yake, yenye taarifa kama aina ya boti, injini iliyofungwa, tarehe ya kutoka kiwandani na mahali ilikopelekwa. Ni bahati kubwa kwamba karatasi hizo zilihifadhiwa. Bila kadi, mrekebishaji hukisia rangi ya ngozi ya viti; akiwa nayo, ana ushahidi.

Ukarabati huanzia chini. Kabla ya chochote kung'olewa, chombo huegemezwa sehemu nyingi ili mkuku usipinde, kisha kila kipande hupigwa picha na kuwekewa alama. Boti nyingi za aina hii zina mataruma ya mwaloni mweupe na mbao za mahogani. Tumbo lilipigwa mbao tabaka mbili: la ndani limelala mshazari, la nje linafuata urefu wa chombo, na katikati yake kuna turubai lililolowekwa dawa ya kuzuia maji. Turubai hilo likishachakaa hushika unyevu, na uozo huanza mahali jicho halifiki. Ndiyo maana boti yenye ubavu unaong'aa inaweza kuwa na tumbo bovu, na mnunuzi makini huchokoa mbao za chini kwanza.

Hapa ndipo mafundi hutofautiana. Wengine hurudisha turubai kama lilivyokuwa. Wengine huweka gundi ya poliyurethani inayonyumbulika, ambayo hufanya tumbo lisivuje bila kusubiri mbao zivimbe. Njia ya pili haikujulikana Algonac, lakini kwa boti itakayotumiwa inaeleweka, mradi ibaki imefichika na iandikwe kwenye kumbukumbu za chombo. Kisichosameheka ni kuutupa ubao wenye namba. Hata ukiwa umeoza, utunzwe.

Ubavuni na kwenye sitaha busara ni kubakiza mbao za zamani kadiri inavyowezekana. Chama cha Antique and Classic Boat Society, kilichoanzishwa mwaka 1975, hutofautisha boti iliyohifadhiwa na iliyokarabatiwa kwa kuangalia kiasi cha mbao za asili zilizobaki katika sehemu hizo. Baada ya msasa, mbao hupakwa rangi ya kujaza vinyweleo, kisha vanishi tabaka kumi au zaidi, kila moja ikipigwa msasa kabla ya inayofuata.

Boti iliyorudishiwa tumbo la turubai hulowekwa majini ikining'inia kwenye kamba zake hadi mbao zivimbe na kuziba nyufa, huku pampu ikifanya kazi. Injini huwashwa mwisho, baada ya feni kutoa mvuke wa petroli uliojikusanya chini ya sitaha, kwani cheche moja inatosha kuilipua boti nzima.