Nakshi ya Blanketi la Sufu la Wales: Ufundi, Jina na Dhana ya Jadi

Katika mijadala ya urithi wa utamaduni, neno "jadi" hutumiwa mara nyingi bila kuulizwa tarehe yake. Makala hii inachunguza blanketi la sufu la Wales, ambalo kwa Kiwelisi huitwa carthen, na hasa nakshi yake ya maumbo ya pembe inayouzwa leo kama alama ya taifa hilo. Inadaiwa hapa kwamba kilichodumu katika historia ya blanketi hili ni namna ya kufuma. Rangi, matumizi, soko na hata jina vimebadilika zaidi ya mara moja.

Ushahidi wa awali ulio thabiti ni daftari la vielelezo la mfumaji William Jones wa Holt, Denbighshire, la mwaka 1775. Humo mna mifano ya nakshi za kitambaa cha tabaka mbili. Katika ufumaji huo, tabaka mbili hufumwa kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na mtande na mshindio wake wa rangi tofauti. Kila zinapobadilishana nafasi, la chini likapanda na la juu likashuka, umbo hujitokeza na tabaka hushikana. Matokeo yake ni blanketi lenye nyuso mbili zilizo kamili: palipo pekundu upande mmoja pana rangi ya maziwa upande wa pili. Miraba na pembe zake, kwa hiyo, hazikutokana na mapenzi ya mchoraji tu, kwani mabadilishano ya tabaka hufuata nyuzi zilizonyooka, na mduara ni mgumu kufumwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba kila nyumba ya Wales ya zamani ilijifunika blanketi la aina hiyo. Kitambaa cha tabaka mbili hula uzi mwingi. Blanketi la kawaida hadi mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa la tabaka moja, lenye milia au miraba juu ya rangi asilia ya sufu, na lilikuwa na mshono katikati. Mshono huo una maelezo rahisi: upana wa kitambaa ulitegemea urefu wa mikono ya mfumaji aliyerusha uzi kutoka upande mmoja hadi mwingine, hivyo vipande viwili vyembamba vilishonwa pamoja. Kitanda kipana cha kufumia kilipoenea, mshono ulitoweka. Mabadiliko haya hayatajwi sana na wauzaji wa leo, ingawa ndiyo yaliyobadilisha zaidi sura ya blanketi la watu wa kawaida. Mablanketi hayo yalitolewa kwa jozi kama zawadi ya harusi, na yalisafiri na watu waliohama kutafuta kazi katika maeneo ya viwanda.

Viwanda vya bonde la mto Teifi, hasa vya Dre-fach Felindre, vilistawi kwa kuwauzia flaneli wachimbaji wa makaa ya mawe wa kusini mwa Wales. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zabuni za serikali zilikoma, bei ikaanguka, na viwanda vingi vikafungwa. Vilivyosalia vilihitaji bidhaa mpya. Katika miaka ya 1960 vilikirudia kitambaa cha tabaka mbili na kukifuma kwa rangi kali za machungwa, waridi na zambarau, kikawa matandiko, makoti na mikoba ya kuuzia watalii. Sehemu kubwa ya kinachoitwa leo nakshi ya jadi ilipata sura yake katika kipindi hicho. Kusema hivyo si kuishushia hadhi: ufundi ni wa karne ya 18, ingawa bidhaa ni ya enzi ya mapumziko ya magari.

Suala la jina linastahili uzito wake. Bidhaa hii ilienea kwa jina la "tapestri ya Wales", ilhali kiufundi tapestri ni kitambaa cha aina nyingine kabisa, ambacho mshindio wake hufunika mtande na kuchora picha. Jina la soko limelifunika jina la ufundi. Safari ya maneno ya sufu, kwa kweli, ni ndefu kuliko ya sufu yenyewe. Wanaisimu wengi huhusisha neno la Kiingereza lililozaa flaneli na neno la Kiwelisi gwlanen, kutokana na gwlân, yaani sufu. Fulana ya Kiswahili, kwa njia yoyote iliyopitia, ni ya ukoo huohuo, ingawa mvaaji wake huenda hajawahi kuigusa sufu.

Lugha ilifumwa pia ndani ya kitambaa. Mablanketi ya Caernarfon, yaliyofumwa kwa mtambo wa Jacquard, yalibeba picha ya ngome ya Caernarfon na ya chuo kikuu cha Aberystwyth, pamoja na maneno Cymru Fu na Cymru Fydd: Wales iliyokuwa, Wales itakayokuwa. Asiyejua Kiwelisi huona herufi za mapambo, ilhali msemaji wake husoma nyakati mbili za kitenzi kimoja. Aliyezoea jina la kanga ataelewa tofauti hiyo bila kufafanuliwa. Ngome hiyo, inafaa kukumbuka, ilianza kujengwa mwaka 1283 na Mfalme Edward I wa Uingereza aliyeishinda Wales.

Kwa watunga sera, swali ni kipi hasa kilindwe. Sheria ya Harris Tweed ya mwaka 1993 nchini Uingereza inakitambua kitambaa hicho cha Uskoti kwa sufu yake, mahali kinapotengenezwa na mikono inayokifuma katika makazi ya wafumaji wenyewe. Haikitambui kwa nakshi. Blanketi la Wales halina sheria ya namna hiyo, na miraba yake huweza kuchapwa juu ya kikombe au mto wa kiti popote duniani. Nakshi iliyochapwa ina uso mmoja. Mnunuzi anayekigeuza kitambaa chake na kukuta nyuma rangi moja tupu ameshika picha ya blanketi.