Msondo na Sikinde: Ukumbi wa Dansi katika Historia ya Kiswahili

Historia ya kuenea kwa Kiswahili nchini Tanzania aghalabu husimuliwa kwa kutaja shule, redio, magazeti na majukwaa ya siasa. Ni nadra kutajwa ukumbi wa dansi. Hata hivyo, kwa vizazi kadhaa vya wakazi wa mijini, humo ndimo lugha hii ilimotumika hadi usiku wa manane bila mwalimu wala mkaguzi, miongoni mwa watu ambao majumbani mwao walizungumza Kizaramo, Kinyamwezi, Kimakonde au Kihaya.

Muziki wa dansi ulitangulia uhuru. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz ikafuata mwaka 1944. Baada ya uhuru, bendi nyingi zilipata walezi wapya. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake. Umoja wa Vijana ulimiliki Vijana Jazz. Na Mlimani Park Orchestra, iliyozaliwa mwaka 1978, ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) mwaka 1983. Mwanamuziki alilipwa mshahara, na ala zilikuwa mali ya mwajiri.

Ushindani wa bendi hizo uliacha alama katika lugha. Kila bendi ilihitaji mtindo, na kila mtindo ulihitaji jina. NUTA ilitwaa Msondo, jina la ngoma ndefu. Mlimani Park ikatwaa Sikinde, ngoma ya Wazaramo. Kwa njia hiyo msamiati wa ngoma za jadi ulihamia penye magitaa ya umeme na matarumbeta. Wimbo nao uligawanyika sehemu mbili: ulianza polepole, maneno yakisikika barabara, kisha likaingia chemko, ambapo magitaa na miguu vilitawala. Neno la jikoni likawa istilahi ya muziki, wala hakuna kamati iliyolisanifu.

Maana za nyimbo pia ziliamuliwa ukumbini. Mtunzi alifumba, msikilizaji akafumbua. Aliyeguswa na ubeti aliinuka, akamwendea mwimbaji na kumtunza fedha mbele ya hadhira nzima. Kutunza huko kulikuwa namna ya ufafanuzi: kuliwaonyesha waliokuwapo ni neno gani lililomchoma nani.

Mfano ulio dhahiri ni wa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo ya mashariki aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 na kufariki mwaka 2010. Wimbo wake "Mambo kwa Soksi", uliohimiza matumizi ya kondomu katika miaka ya janga la UKIMWI, ulikataliwa na redio ya taifa. Kumbini uliimbwa, na hadhira haikuhitaji kuelezwa soksi ni nini. Jambo ambalo lugha rasmi ilishindwa kulitamka lilipata jina la kila siku, likatamkika.

Katika miaka ya 1990 vituo binafsi vya redio vilianza kurusha matangazo, mashirika ya umma yakabinafsishwa, na Bongo Fleva ikawavuta vijana. Msondo na Sikinde ziliendelea kupiga, lakini bila ulezi wa kale. Muhidin Maalim Gurumo, aliyezitumikia bendi zote mbili, alifariki mwaka 2014.

Kanda zilizorekodiwa Radio Tanzania zimehifadhi sauti na maneno. Hazikuhifadhi hadhira: nani aliinuka, katika ubeti upi, na kwa nini ukumbi mzima ulicheka. Elimu hiyo imo vichwani mwa wazee waliocheza dansi enzi hizo, na idadi yao inapungua kila mwaka. Mtafiti anayekusudia kuandika kamusi ya mafumbo ya Kiswahili cha mjini hana budi kuwaendea hao kabla ya kuzigeukia kanda, kwani fumbo lisilo na mfumbuzi hubaki kuwa maneno matupu.