Rangi ya Kiondo katika Kitui na Makueni

Kabla ya mkonge kuenea Ukambani, wanawake wa Kitui na Makueni walisuka vikapu viitwavyo vyondo kwa nyuzi za magome ya mibuyu na ya vichaka vya mwituni, na kwa kuwa uzi wa mbuyu huwa na hudhurungi yake ya asili, rangi zilizochemshwa kutokana na magome na mizizi ziliongeza giza tu. Mkonge, mmea wenye asili ya Meksiko ambao Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika mwaka 1893, ulifika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, yakaanzishwa mashamba makubwa kama lile la Dwa huko Kibwezi. Lakini uliowafaa wasukaji zaidi ni ule uliopandwa mipakani mwa mashamba yao wenyewe. Jani lilichanwa, kipande kikavutwa kati ya kisu na ubao mpaka nyama yake ya kijani ikatoka, kisha nyuzi zikaanikwa na kusokotwa juu ya paja. Nyuzi hizo ni nyeupe, na weupe huo uliibadilisha sanaa hii pengine kuliko soko la watalii, ambalo ndilo husifiwa zaidi.

Sababu yake ni ileile inayozitofautisha mvi na nywele nyeusi zinapotiwa rangi ya kudumu. Katika rangi hiyo, amonia hufungua magamba ya unywele, molekuli ndogo zisizo na rangi hupenya ndani, na haidrojeni peroksidi huziunganisha zikawa molekuli kubwa zenye rangi, zisizoweza kutoka tena kwa urahisi. Peroksidi hiyohiyo hupausha melanini, yaani rangi ya asili ya unywele. Mvi, zisizo na melanini, huionyesha rangi mpya jinsi ilivyo. Katika nywele nyeusi, rangi hiyo huchanganyika na melanini iliyosalia, hivyo nyekundu huishia kuwa wekundu wa mbali unaoonekana juani tu. Vivyo hivyo, mkonge mweupe huionyesha rangi jinsi ilivyo, ilhali hudhurungi ya uzi wa mbuyu huifunika.

Rangi za unga za kutia mkonge zilizofika madukani ni za ukoo mmoja na hizo za nywele, kwani zote zilitokana na kemia ya lami ya makaa ya mawe iliyofunguliwa na William Henry Perkin mwaka 1856. Hata hivyo, ndani ya sufuria ya msukaji rangi huingia katika uzi ikiwa imekwisha kuundwa, na chumvi huisukuma tu iushike. Ndiyo maana nyingi huchuja zikifuliwa na kupauka juani. Baadhi ya wanunuzi wa ng'ambo wanaotaka rangi za mimea wamerudisha magome sufuriani, ila safari hii yanachemshwa pamoja na mkonge mweupe, na yanatoa manjano na kahawia ambazo juu ya uzi wa mbuyu zisingeonekana.