Ballingrane: Kijiji Kilichokaa Bila Mchungaji

Usharika unapotimiza miaka mia moja, ni vema kuyatazama pia mapito ya Wakristo wa mahali pengine, hasa wale waliokuwa wachache na walioishi mbali na miji. Miongoni mwao ni Waprotestanti wenye asili ya Ujerumani wa Ballingrane, kijiji kilicho karibu na mji wa Rathkeale, katika eneo la Limerick nchini Ireland.

Mwaka 1709 maelfu ya watu wa Pfalz, kando ya mto Rhine, walizihama nyumba zao kwa sababu ya vita, umaskini na baridi kali. Walikuwamo Walutheri na Wakalvini. Walifika London, na kutoka huko watu wapatao 3,000 walipelekwa Ireland. Sir Thomas Southwell aliwapokea wengi katika ardhi yake ya Rathkeale, akawapangisha mashamba kwa kodi nafuu. Ndipo vikaanza vijiji vyao vya Courtmatrix, Killeheen na Ballingrane.

Mashamba walipata, lakini mchungaji wa kuwalea kwa lugha yao walimkosa. Mwaka 1758 John Wesley aliandika katika shajara yake kwamba, kwa kukosa mchungaji, watu hao walikuwa wamezama katika ulevi na matusi, hata wakaiacha dini. Lakini walipohubiriwa Neno walilipokea, wakajenga nyumba ya ibada katikati ya Courtmatrix. Miaka miwili baadaye Wesley alishuhudia kwamba vijijini mwao hamkuwa na kilabu cha pombe hata kimoja.

Baadaye kodi za ardhi zilipanda, familia zikatawanyika. Mwaka 1760 Philip Embury, seremala na mhubiri, alivuka bahari kwenda New York. Barbara Heck, ndugu yake wa Ballingrane, naye alihamia huko. Ugenini Embury alinyamaza. Mwaka 1766 Barbara alimwendea, akamsihi ahubiri kabla watu wao hawajapotea. Husimuliwa kwamba ibada ya kwanza nyumbani kwa Embury ilikuwa na watu wachache mno, miongoni mwao Betty, mtumishi mwenye asili ya Kiafrika. Mwaka 1768 walifungua kanisa katika mtaa wa John Street, moja ya machimbuko ya Umethodisti Marekani.

Ballingrane lipo kanisa dogo linalobeba majina ya Embury na Heck. Hata hivyo, urithi mkubwa wa kijiji hicho si jengo. Wazee wao walivumilia vita, njaa na safari, lakini imani ya watoto wao ilipoa pale walipokosa wa kuwafundisha. Ikawaka tena Neno lilipohubiriwa, na msharika wa kawaida alipokataa kunyamaza. Kwa hiyo usharika unaoingia karne ya pili hauna kazi iliyo kubwa kuliko kuwaandaa wachungaji, wainjilisti na walimu wa kipaimara. Mungu na atukuzwe.