Miguu ya Wapanda Baiskeli wa Kahawa

Baridi ya Julai huanzia miguuni. Hapa Kahawa Sukari tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri joto hushuka karibu na nyuzi 10. Mimi ni fundi wa baiskeli. Wateja wangu wa kwanza walikuwa wazee waliopeleka maziwa na vibarua waliokwenda shambani kabla kahawa haijang'olewa na ardhi kukatwa viwanja. Waliyonisimulia wakingoja gundi ya tyubu ikauke nimeona niyaandike, kwa maana historia ya kahawa imejaa bei na magunia, na miguu ya walioichuma haimo.

Wengi wao walivaa akala, ndara za tairi kuukuu. Akala haikingi baridi, ila mguu uliolowa ndani yake hukauka mtu akiendelea kupiga pedali. Buti la ngozi likishalowa halikauki usiku mmoja, hata ukilijaza magazeti na kuliweka karibu na jiko. Waliofanya kazi katika kambi ya Waingereza ya Templer, iliyokabidhiwa serikali mwaka 1965 na leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, walipita vijia vile vile vya mashamba. Mvua kubwa haikuwa shida yao, kwa sababu Julai ni ya ukungu na manyunyu tu. Maji yalitoka kwenye nyasi zenye umande na kwenye gurudumu la mbele.

Gambuti za Bata, kutoka kiwanda cha Limuru, ziliwafaa sana, lakini zilitaka ujuzi. Ukitia suruali ndani ya gambuti, maji hufuata kitambaa mpaka kwenye soksi. Waliojua waliishusha suruali nje, wakaifunga kwa ukanda wa tyubu ili isinaswe na cheni. Mzee mmoja alikata kipande cha katoni sawasawa na unyayo wake, akakitandika ndani, na kesho yake akakata kingine. Jasho lote lilikwenda kwenye katoni. Sijaona ufundi rahisi kuliko huo.

Pedali nazo zilikuwa na lao. Mpira wa pedali za baiskeli ya Black Mamba ukiisha, unakanyaga chuma kitupu, na chuma hicho hunyonya joto la unyayo kupitia soli nyembamba. Nilizizungushia tyubu kuukuu, na bado nafanya hivyo.

Kisha tukazoea nailoni. Kwanza ilikuwa ile ya ndani ya gunia la mbolea, iliyokatwa kwa kisu. Baadaye juala la dukani. Unavaa soksi nyembamba, juala, halafu soksi nzito juu yake. Juala huzuia upepo, na upepo ndio unaomnyang'anya mpanda baiskeli joto kuliko anayetembea. Ukifika, ulivue upesi, maana jasho lililobaki ndani hupoa na kukuumiza zaidi. Tarehe 28 Agosti 2017 majuala yakapigwa marufuku, na sina kinyongo, kwani mitaro yetu ilikuwa imezibwa nayo. Karatasi ya nailoni ya mkate ilibaki, kwa kuwa ni ya kufungia bidhaa kiwandani, na ndiyo ninayoiona miguuni siku hizi.

Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012 tulipata njia za baiskeli, na kwa hilo nilifurahi kwa dhati. Lakini baiskeli nyingi zinazoletwa sasa hazina madigadi, na kwenye lami yenye maji gurudumu hurusha maji moja kwa moja kwenye vidole. Kwa hiyo nakata ubavu wa mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano, naukunja kwa maji ya moto, naufunga nyuma ya gurudumu la mbele kwa waya. Ukining'inia mpaka chini ya usawa wa pedali, kiatu hufika Ruiru kikiwa kikavu.