Kombo: Pandashuka Inapozaa Mzunguko

Pampu ya upepo ya shambani, ile yenye mapanga mengi juu ya mnara wa chuma, ina miendo miwili. Juu mapanga yanazunguka. Chini, kwenye mdomo wa kisima, rodi inapanda na kushuka. Kati ya miendo hiyo kuna kipande cha chuma kilichopindwa, na mwenye pampu huwa hakijali mpaka siku atakapotaka upepo ule ule umzungushie jenereta ndogo au jiwe la kusagia. Rodi aliyonayo mkononi haizungushi kitu. Itabidi aurudishe mzunguko kutoka katika pandashuka, na hapo ndipo anapomwendea fundi.

Katika gereji za Wadi Kabir, hapa Muscat, kipande hicho kinaitwa krenki. Waarabu nao wanasema karank. Sote tumechukua kwa Mwingereza, na sina ugomvi na neno lililokwisha kuzoeleka. Kinachonishughulisha ni kwamba neno limekuja peke yake, bila ndugu zake. Nyumba nyingi za Kiswahili za mji huu ni za watu waliorejea kutoka Unguja, Pemba na Mombasa baada ya 1970, na wajukuu wao wanasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa 1986. Kijana anaweza kuzungumza na bibi yake kwa Kiswahili juu ya arusi, mazishi, bei ya samaki na siasa. Akifika kwenye mashine, lugha inamkatikia. Anasema krenki, kisha sentensi nzima inayofuata inakuwa ya Kiingereza. Naamini kazi hii yote inaweza kusemwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na nitaijaribu hapa.

Tuanze na miendo yenyewe. Mwendo wa rodi ya kisima ni wa kupanda na kushuka; pandashuka ni neno ambalo kila msemaji analielewa bila kufundishwa. Ukiwa wa ubavuni, kama wa msumeno, utaitwa mwendo wa kwenda na kurudi. Upande wa pili tuna mzunguko, na hapa neno letu linahitaji kuangaliwa vizuri, maana kuzunguka kwa Kiswahili hakudai mfululizo. Wazee wa pwani ya Batina wanaokumbuka zajara, mtambo wa kuteka maji kwa ng'ombe, wataniunga mkono. Ng'ombe alishuka mteremko akivuta kamba, ndoo ya ngozi ikapanda kutoka kisimani ikamwaga maji, kisha ng'ombe akarudi juu na ndoo ikashuka. Kamba ilipita juu ya kapi kubwa la mbao, manjur, au manyur kwa matamshi ya pwani ile, na sauti ya mbao zikisuguana ilisikika mashamba ya mbali. Manjur lilizunguka kweli, lakini mbele kisha nyuma, mbele kisha nyuma. Ukilifunga kwenye jiwe la kusagia, jiwe litafumua kile lilichokianza. Kwa hiyo lengo la fundi wetu liitwe mzunguko mfululizo: unaokwenda upande mmoja na haurudi.

Msomaji atauliza: ikiwa juu ya mnara tayari kuna mzunguko mfululizo, kwa nini aliyeunda pampu aliuvunja akaufanya pandashuka? Jibu la kwanza ni kisima chenyewe. Pistoni yenye wosha za ngozi ndani ya silinda inataka kupandishwa na kushushwa. La pili halielezwi mara nyingi, nalo ndilo linalonivutia zaidi. Kichwa cha pampu ya upepo lazima kiwe huru kugeuka juu ya mnara, kifuate upepo unakotoka, kusi au kaskazi. Ukiteremsha nguvu kwa shafti inayozunguka, kila shafti inapokaza kazi chini, kichwa juu kinasukumwa upande wa pili, na mapanga yanatolewa kwenye upepo. Rodi inayopanda na kushuka katikati ya mnara haina kosa hilo: kichwa kinaweza kugeuka kitakavyo na rodi haijali. Daniel Halladay wa Connecticut alipopata hataza ya pampu yake mwaka 1854, na kampuni ya Aermotor ilipoanza kuuza zake huko Chicago mwaka 1888, walijenga juu ya wazo hilo. Kwetu Afrika Mashariki, pampu za Kijito zilizotengenezwa Thika, Kenya, ni za ukoo huo huo.

Sasa kipande kilichopindwa. Kiswahili kina kombo, kitu kisichonyooka. Mambo yakiharibika yamekwenda kombo, na Pemba utakutana na akina Kombo wengi, watu wa heshima zao. Vitabu vya istilahi vimekwisha tupa fitokombo kwa ile shafti iliyopindwa ya injini. Mimi naliunga mkono, na napendekeza tulitumie kombo peke yake kwa mkono mmoja uliopindwa, na fitokombo pale mikono inapokuwa kadhaa kwenye shafti moja. Sababu ni kwamba neno linatuonyesha kazi inavyofanyika. Shafti iliyonyooka haiwezi kuzungushwa kwa kusukumwa kutoka ubavuni. Ukiipinda, pindo linapata umbali kutoka katikati, na umbali huo ndio unaogeuza msukumo kuwa mzunguko.

Anayetaka kuliona kombo likifanya kazi bila kupanda mnara, aiangalie cherehani ya miguu. Jina lenyewe lina gurudumu ndani yake: cherehe na cherehani yametokana na charkh ya Kiajemi. Mguu wa mshonaji unakanyaga ubao, ubao unapanda na kushuka, ufito unauunganisha ubao na kombo kwenye gurudumu kubwa la chini, na mkanda unapeleka mzunguko juu. Hapa pandashuka inazaa mzunguko, kinyume cha pampu. Tena mshonaji anajua jambo ambalo mwanafunzi wa uhandisi huliona kwanza kwenye karatasi: haanzi kwa mguu. Anaanza kwa kuligusa gurudumu dogo la juu kwa mkono, kulipa mwelekeo, ndipo mguu ufuate. Akisahau, ubao unaweza kukataa, au mashine ikazunguka kinyume na uzi ukakatika.

Kwa nini? Kombo likiwa juu kabisa au chini kabisa, ufito na mkono wa kombo vinakuwa kwenye mstari mmoja. Sukuma upendavyo, nguvu yote inaishia kwenye beringi na hakuna kinachozunguka. Na kutoka hapo kombo lina hiari ya kwenda kulia au kushoto. Pahali hapo pana majina katika lugha nyingi yanayomaanisha pamekufa. Sioni haja ya kuleta mauti kwenye mashine inayokwenda. Kiswahili kina kikomo, mwisho wa kwenda: kikomo cha juu na kikomo cha chini. Kila mzunguko mmoja una vikomo viwili, na mashine inavipita kwa kasi iliyobaki nayo, haivipiti kwa kusukumwa.

Ndiyo maana kazi hizi mbili hazilingani ugumu. Kuugeuza mzunguko kuwa kwenda na kurudi ni jambo la kale: sanamu ya jeneza la jiwe huko Hierapolis, Anatolia, ya karne ya 3, inaonyesha misumeno ya mawe ikiendeshwa kwa gurudumu la maji, na al-Jazari, aliyemaliza kitabu chake cha vyombo mwaka 1206 akiwatumikia watawala wa Diyarbakir, alieleza pampu ya silinda mbili inayoendeshwa kwa kombo. Kinyume chake, kuipata nguvu ya viwanda kutoka pistoni inayokwenda na kurudi, kulisubiri sana. James Pickard alipata hataza ya kombo kwenye injini ya mvuke Uingereza mwaka 1780, na James Watt, asiyetaka kumlipa, akatumia mpango mwingine wa gia, moja ikizunguka nyingine kama sayari na jua, mwaka 1781. Akaushikilia hadi hataza ya Pickard ilipokwisha. Kipande cha chuma kilichopindwa kiliwahi kuwa mali ya mtu.

Sasa turudi kwa mwenye pampu. Rodi yake ina kasoro ambayo pistoni ya injini haina. Ni nyembamba na ndefu, imeundwa ivute, haikuundwa isukume. Ikisukumwa kwa nguvu inapinda. Kazi yote inafanyika inapopanda. Kwa hiyo kombo la chini litapata msaada nusu ya safari tu. Wanaofanya kazi kwenye mafuta, na mji huu unao wengi tangu shehena ya kwanza ilipoondoka Mina al Fahal mwaka 1967, wanaijua dawa yake. Pampu za mafuta zinazoinamisha vichwa jangwani zina vipande vizito vya chuma vilivyofungwa kwenye kombo. Vinainuliwa wakati kazi ni nyepesi, vinaanguka wakati kazi ni nzito. Huo ni uzito wa kusawazisha. Kwetu rodi itauinua inapopanda, nao utaanguka na kulisukuma kombo wakati rodi inashuka bure.

Uzito huo haumalizi tatizo la vikomo. Hapo pataka gurudumu zito, linaloitwa na mafundi flaiwili. Nilivutwa na gurudumu la akiba, lakini dereva yeyote atadhani ni tairi la spea. Napendekeza gurudumu limbikizi, kwa sababu kulimbikiza ndiyo kazi yake: linapokea nguvu wakati zipo na kuzitoa kwenye kikomo. Mahali pa kuliweka ni muhimu kuliko jina. Rodi ya pampu inapanda na kushuka kiasi cha mara 30 kwa dakika, na kombo litazunguka mara hizo hizo. Jenereta ya kawaida ya umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde inataka mara 1500 kwa dakika, yaani kasi iongezwe mara 50 kwa gia au mikanda. Nishati iliyomo kwenye gurudumu hukua kwa mraba wa kasi: kasi mara mbili, nishati mara nne, kasi mara kumi, nishati mara mia. Atakayelifunga gurudumu limbikizi kwenye shafti ya kombo atahitaji chuma kizito mno. Atakayelifunga baada ya hatua ya kwanza ya gia atatosheka na dogo.

Vipimo navyo havina huruma. Rodi inayosafiri sentimita 30 inataka kombo la sentimita 15 kutoka katikati hadi kwenye pini. Kombo likiwa refu zaidi litabembea tu, duara halitatimia. Likiwa fupi, kitu kitakwama au kitavunjika, maana kombo la juu ya mnara limekwisha amua safari ya rodi. Springi ngumu kwenye maungio husamehe milimita chache.

Ipo njia nyingine isiyo na kombo: friwili mbili, kama ile ya gurudumu la nyuma la baiskeli, moja ikishika rodi inapopanda, nyingine ikishika inaposhuka, zote zikipeleka shafti upande mmoja. Haina kikomo wala haidai urefu kamili wa safari, na inaanza popote iliposimama. Lakini meno yake yanapigwa kila mshiko, na ya baiskeli hayatastahimili rodi ya kisima muda mrefu. Ningelichagua kombo.

Faida yake ni ndogo, na ni haki mwenye pampu aambiwe kabla hajatoa riali zake. Mapanga yenye kipenyo cha mita 3, katika upepo wa mita 4 kwa sekunde, yanapitiwa na wati 270 hivi. Pampu ikikamata robo, ni chini ya wati 70, na kombo, gia na jenereta kila kimoja kitakata chake. Zitakazobaki zitachaji betri na kuwasha taa chache. Kiyoyozi asiote. Kwa umeme hasa, njia ya sawa ni kuuchukua mzunguko kule kule juu kabla haujapindwa, na ndivyo inavyofanyika Harweel, Dhofar, kwenye mitambo 13 yenye jumla ya megawati 50, iliyoanza kazi 2019. Huko jenereta imekaa nyuma ya mapanga, kinachoshuka mnarani ni waya tu, na kwa kuwa kichwa bado kinageuka kufuata upepo, waya nazo husokotana, hata mtambo huhesabu mizunguko yake na kujirudisha nyuma uzisokotoe.

Aliyekwisha kuwa na pampu na rodi, na hataki kupanda mnara, amwambie fundi hivi: nikatie kombo la sentimita 15, lifungie uzito wa kusawazisha upande ule ule wa pini, rodi ivute tu isisukume, na gurudumu limbikizi liweke kwenye shafti ya pili.