Roboti: A-WA au I-ZI?

Katika insha za wanafunzi wetu wa Minago tumekuta sentensi mbili: "roboti imelala" na "roboti amelala". Walimu wengi wangeipiga msitari ya pili. Kabla ya kufanya hivyo, tumeonelea tuitazame historia ya neno lenyewe.

Lilianza katika tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa Prague mwaka 1920. Kwa Kicheki, robota ni kazi ya kulazimishwa. Mswahili angesema shokoa. Katika Ruanda-Urundi ya Wabelgiji kazi ya namna hiyo iliitwa akazi, yaani kazi yetu ya Kiswahili iliyovalishwa kiambishi. Roboti wa Čapek (tunaandika "wa" kwa makusudi) hawakuwa vyuma. Walikuwa na miili iliyotengenezwa kiwandani ili itumikishwe, na hatimaye waliasi wakaangamiza binadamu.

Mwaka 1940 Isaac Asimov alitoa hadithi ya Robbie, roboti mlezi wa mtoto Gloria. Mama anaona mashine, na anataka iondolewe nyumbani. Gloria anaona rafiki, na anamlilia. Anayetafsiri hadithi hiyo kwa Kiswahili hana pa kujificha: kila kitenzi kitamdai achague upande, wa mama au wa mtoto.

Je, A-WA ni cheti cha heshima? Hatudhani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ujiji walivuka ziwa hadi mwambao huu wa Rumonge wakitafuta pembe na watu. Mtumwa alikadiriwa bei kama bidhaa, lakini sarufi haikumtoa katika A-WA: "ameuzwa", kamwe si "imeuzwa". Lugha ilimtambua kuwa mtu, na soko likaendelea. Maiti naye, au nayo, hadi leo wasemaji hawajakubaliana.

Kwa roboti, tunaona jina la pekee lina nguvu kuliko umbo. Mei 2020, wakati wa UVIKO-19, roboti tano zilianza kuhudumia wagonjwa nchini Rwanda, na zilipewa majina: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Msemaji wa Kirundi anasikia humo jua, uzuri na mwanga. Sisi wenyewe tumeandika "tano" na "zilianza" bila kusita. Lakini mwalimu ajaribu kuandika ubaoni "Mwiza imempima mgonjwa joto", kisha aone darasa litasahihisha nini.